"Bwana Ana Mawigi Matatu, Yeye Hana Hata Moja"

Saa nne asubuhi jua limeshaingia hadi katikati ya sebule, na Doña Odilia Xicay hajaonja hata kahawa. Amevaa miwani juu ya miwani. Mbele yake kuna kichwa cha mti, na juu ya kichwa hicho wigi refu jeusi. Kwa ncha ya sindano ya kulabu anatafuta fundo, analilegeza, anauchomoa unywele na kuulaza juu ya kitambaa cheupe, shina upande huu, ncha upande ule. Kisha anatafuta fundo jingine.

Anayeijua kazi hii angeshika kichwa. Ni wiki ya tano ya Kwaresima, Juma Kuu linabisha hodi, na hili ndilo wigi jipya ambalo sanamu ya Yesu Mnazareti ilikuwa ilivae Ijumaa Kuu ikibebwa kuzunguka mji wa Santa Inés Chuacruz. Wiki hii Doña Odilia alipaswa kuwa analitia mawimbi. Badala yake analifumua.

"Nililianza Krismasi," anasema bila kuinua uso. "Fundo kwa fundo. Sasa nalifungua fundo kwa fundo. Usiniulize kama nimechoka, mwanangu. Niulize ni wapi sijachoka."

Ana miaka sitini na mmoja. Kazi aliirithi kwa mama yake, marehemu Nicolasa, pamoja na sindano, kichwa cha mti na maumivu ya mgongo. Nywele zenyewe ni za nadhiri. Mtoto akiugua, upasuaji ukikaribia, mume akipotea njiani kwenda kutafuta kazi Kaskazini, mwanamke humwahidi Mnazareti nywele zake. Mambo yakinyooka, Jumatano ya Majivu anakuja kukaa kwenye kigoda cha Doña Odilia na kukatwa. Ahadi ni deni, na katika mji huu hakuna anayelifanyia mzaha deni hilo.

Chama cha Mnazareti, yaani wale wazee wanaoitunza sanamu, humlipa quetzal elfu moja na mia mbili kwa wigi moja. "Hizo za kuni na mahindi," anasema. "Za nyama nazitafuta kwingine."

Kwingine ni mlango wa jikoni. Wenye nadhiri huingia kwa mlango wa mbele, wamevaa nguo za kanisani. Wanaopoteza nywele huzungukia nyuma, kwenye banda la kuku, kitambaa kimefungwa mpaka kwenye nyusi. Hao ndio wanaotaka wigi la kuvaa wenyewe, na wengi wao hata mume hajui wamekuja.

"Aibu ya maiti aijuaye mwosha," anasema Doña Odilia. "Mimi nikikutana nao sokoni, sijawahi kuwaona maishani."

Mwezi uliopita alikuja msichana mwenye kichanga cha miezi minne mgongoni na mfuko wa mkate umejaa nywele zilizodondoka. "Doña Odi, nakwisha!" alilia kabla hata ya kukaa. Doña Odilia akamcheka waziwazi.

"Hukwishi, we mtoto. Umezaa. Ulipokuwa na mimba zilikataa kuanguka, sasa zinaanguka kwa mkupuo. Kula maharage, lala mtoto akilala, ngoja. Zitarudi zenyewe na hela yangu usiilete."

Wanaougua dengue wakati wa mvua nao huja hivyo hivyo, ila wao huchelewa. Homa inaisha, mtu anaisahau, halafu baada ya miezi miwili mitatu anaoga na kuona nywele zimeziba shimo la maji. Hapo anailaumu sabuni, jirani, hata paka. Kumbe ni ile homa. Nazo hurudi.

Kuna wale ambao njia ya katikati ya kichwa inapanuka mwaka hadi mwaka, hasa wakishapita umri wa kuzaa. Hao anawaambia ukweli bila kupaka asali. "Hiyo ni ya ukoo. Ukitaka kulalamika, nenda makaburini ukawaulize bibi zako." Dawa za kupunguza kasi zipo, lakini ni za kupaka miaka na miaka, na si kila mfuko unazimudu.

Wapo wasichana waliochomwa na dawa za kunyoosha nywele. Wapo wenye upungufu wa damu, na wenye tezi ya shingo iliyovurugika. Hao huwaambia wakapimwe kwanza. Watoto wenye mapunye huwafukuzia zahanati siku hiyo hiyo, kwa sababu mapunye ya kichwani hutaka vidonge vya kumeza, na kupaka tu ni kupoteza muda. Wanaotibiwa saratani yeye hawatanii. Huwafuata kwao mwenyewe, jioni, na uzi wa kupimia kichwa mfukoni.

Halafu wapo waliovutwa.

Hapa Santa Inés nywele zilizoahidiwa haziachwi ovyo. Husukwa na utepe wa kufuma, zikabanwa kadiri mkono unavyoweza, goti la mama likiwa mgongoni mwa mtoto, na kila Jumamosi hufumuliwa na kubanwa upya. Nia ni njema: usipotee hata unywele mmoja wa Bwana. Lakini shina la nywele halijui nia. Likivutwa miaka kumi, linachoka, linakufa, na nywele za mbele zinarudi nyuma na hazitoki tena. Wenyewe huendelea kuamini kwamba paji pana ni alama ya familia yenye ibada.

Doña Odilia ana alama hiyo. Paji lake linaanzia kwenye nyusi na kuishia karibu na utosi. Mama yake alimwekea nadhiri akiwa na miaka mitatu, akamvuta mpaka alipofikisha kumi na mitano.

"Alikuwa akinivuta mpaka naona watu wawili wawili," anasema. "Zikiachiwa mapema, zinarudi. Zangu ziliachiwa mashina yameshazikwa. Fundi wa nywele mwenye paji kama sahani! Mganga hajigangi, ndiyo hivyo."

Mengi ya haya hakuyajua zamani. Aliyajua kwa Daktari Samayoa, daktari wa ngozi anayefika zahanati mara moja kwa mwezi, mwanamke mpole asiyechoka kuulizwa. Kabla ya hapo Doña Odilia alikuwa na majibu yale yale ya mama yake: hofu, upepo, kijicho. Jibu moja kati ya hayo ya zamani ndilo linalomtesa sasa anapofumua.

Marleny Chonay ana miaka ishirini na sita. Alikuwa akioka chapati za mahindi kwenye kona ya soko, yeye na dada yake, na watu walipanga foleni. Miaka miwili iliyopita binti yake, Azucena, alishikwa na nimonia, akawa anahema kwa mbavu. Marleny akamwahidi Mnazareti nywele zake. Mtoto akapona. Jumatano ya Majivu ya mwaka jana alikuja kutimiza, na msuko wake ulifika kiunoni.

Aliomba jambo dogo tu: akatwe usawa wa mabega, si kisogoni, apate cha kufunga akiwa mbele ya moto. Doña Odilia hakuona kosa. Alikata, akazifunga, akazihifadhi. Sehemu yote ya mbele na ya utosini ya wigi hili inatokana na kichwa cha Marleny.

Mwezi wa kumi, nyuma ya sikio la Marleny kikatokea kiduara kitupu, laini kama ganda la yai. Kikaja cha pili. Kufikia Krismasi viduara vilikuwa vimeungana, na nyusi nazo zikaanza kupungua. Akazungukia mlango wa jikoni.

"Nikamwambia ni mapunye," anasema Doña Odilia, na kwa mara ya kwanza anavua miwani yote miwili. "Nikamwambia aponde kitunguu saumu na ndimu, asugue mpaka kiwashe. Kikiwasha, ndiyo dawa imeshika. Hivyo ndivyo mama alivyosema siku zote. Basi kiliwasha, mwanangu. Ngozi ilitoka malengelenge. Hakuweza kuweka kichwa kwenye mto wiki nzima. Na hakunitolea neno baya hata moja. Angenitukana ningepumua."

Daktari Samayoa alipomwona alisema si mapunye, wala haiambukizi, wala si hofu. Ni mwili wenyewe: walinzi wake wamekosea, wameyashambulia mashina ya nywele wakidhani ni adui. Mashina hayajafa, yamelala tu. Kwa wengi nywele hurudi, wakati mwingine hudondoka tena, na kwa wengine hazirudi. Alimchoma sindano ndogo ndogo kichwani, akampa dawa. Hakumwahidi kitu, kwa sababu hakuna daktari mkweli awezaye kuahidi.

Mji ulikuwa na maelezo yake. Doña Chus, muuza mishumaa mlangoni mwa kanisa, ndiye aliyeyasema kwanza, na yakasambaa kabla jua halijazama: "Alimpunja Bwana. Alitoa nusu, Bwana kaja kuchukua salio."

Wateja wakaanza kupokea chapati kwa ncha za vidole, baadaye wakahamia kwa muokaji mwingine. Dada mtu akamwambia, kwa upole lakini akamwambia, "Kaa nyumbani kidogo, Mar, mpaka maneno yapoe." Tangu mwezi wa kwanza Marleny hajakanyaga soko. Misa haendi. Azucena hupelekwa kanisani na mama yake mdogo, na Marleny hubaki ndani, mlango umefungwa, moto umezimika.

Wiki ya kwanza ya Kwaresima alikuja tena jikoni kwa Doña Odilia. Alikataa kukaa.

"Nimekuja kuomba."

"Omba, mwanangu. Wigi nitakutengenezea, na sitaki hata senti. Ninazo za mjane mmoja wa bondeni, nzuri, nzito..."

"Sitaki za mtu. Nataka zangu."

Doña Odilia akageuka kukitazama kichwa cha mti. "Zako si zako tena. Ulizitoa."

"Nilizitoa, na sizidai. Naziazima. Zangu zikiota nitakata mpaka ngozini, nimrudishie zote na za juu yake."

"Na zisipoota?"

Marleny akakaza kitambaa chake. "Azucena alikuwa akilala amezishika. Sasa nikivua kitambaa anajifunika uso kwa mikono. Mtoto niliyemtolea nywele ndiye ananiogopa, Doña Odi. Nifanyeje?"

Doña Odilia anasema alilala siku hiyo akijua ameshakubali, na akajua pia kwamba kukubali kwake si kitu. Nywele ni za chama. Kesho yake akafunga shali, akaenda kwa mkuu wa chama, Don Arcadio Sicán, dukani kwake, akamkuta anapima misumari.

"Don Arcadio, Bwana ana mawigi matatu. Moja liko kichwani, moja sandukuni, moja mezani kwangu. Yule binti hana hata moja."

"Cha Bwana ni cha Bwana, Doña Odilia. Leo nywele, kesho mwingine atataka taji."

"Sijasema apewe. Aazimwe."

"Lo! Bwana amekuwa duka la kukodisha nguo za harusi?"

"Na joho?"

Don Arcadio akaacha misumari.

Joho la zambarau la Mnazareti hutoka kanisani kila uchungu wa uzazi unapokuwa mgumu. Wazee wawili hulibeba hadi nyumbani kwa mwanamke, likatandazwa juu ya tumbo lake, na mtoto akishatoka joho hurudishwa. Limelala kwenye vitanda vingi vya mji huu, vya kamba na vya godoro. Hakuna aliyewahi kusema Bwana amevuliwa nguo.

"Joho ni jambo jingine," akasema Don Arcadio.

"Jingine vipi? Lililala juu ya tumbo la mkeo siku mbili. Nakumbuka, liliporudi nililipiga pasi mimi."

"Siku tatu!" ikasikika sauti ya Doña Fidelina, mke wa Don Arcadio, nyuma ya pazia la duka. "Tena lilirudi na doa, na Bwana hakulalamika. Wewe, Arcadio, na hicho kipara chako unachokifunika mpaka kitandani, ungekuwa mwanamke ungeshalipora wigi hilo kwa mkono wako!"

Wateja wawili wakaangua kicheko. Don Arcadio akasema atawauliza wenzake, naye aachwe kwa amani.

Wenzake walikutana Jumapili baada ya misa, na Doña Odilia anasema kelele zilisikika hadi kisimani. Mzee mmoja alisema kama binti anaadhibiwa, wao ni nani wamfunike. Doña Odilia akasimama. Akawaambia daktari amesema ni ugonjwa, na kama wanatafuta wa kuadhibiwa waanze na yeye, kwani yeye ndiye aliyemuunguza.

Wakakubali kwa shingo upande. Nywele zitatoka kama joho linavyotoka, mpaka za mwenyewe ziote. Mnazareti atatembea Ijumaa Kuu na wigi lake la zamani, maana lile la sandukuni ni la sikukuu za furaha, halivaliwi kwenye maombolezo. Lakini watu wakinung'unika, lawama ni za Doña Odilia, na kazi atapewa mwingine. Kuna mfanyabiashara wa mji mkuu anayeuza mawigi ya sanamu yaliyotoka kiwandani, ya plastiki, yenye mawimbi tayari, kwa nusu ya bei. Wapo kwenye chama waliomtaka tangu mwaka juzi.

"Kwa hiyo nafumua shingo yangu mwenyewe hapa," anasema Doña Odilia, akirudisha miwani.

Kwenye kigoda kando yake sasa amekaa Marleny, aliyeingia punde kwa mlango wa jikoni, kitambaa cha buluu kichwani, akipanga nywele zinazochomolewa. Anasugua unywele mmoja kati ya vidole viwili na kuuangalia unavyopanda.

"Shina huku?" anauliza.

"Unywele unatembea kwenda wapi?"

"Huku."

"Basi shina liko huko. Unywele haudanganyi. Watu ndio wanaodanganya." Doña Odilia anajinyoosha mgongo, anaguna. "Na usiwe na haraka. Ukizichanganya zitapigana, halafu utakuja kulia hapa."

"Nimeshamaliza kulia, Doña Odi."

"Hakuna anayemaliza, mama. Panga."

Ijumaa Kuu ilikuwa na jua kali. Mabusati ya unga wa mbao yalikuwa yametandazwa barabarani tangu alfajiri, mekundu na ya zambarau, na harufu ya ubani ilishuka mpaka sokoni. Doña Odilia alisimama kwenye ukuta wa kanisa, kwenye kivuli, mikono imefungwa ndani ya shali. Hakuwa amelala vizuri, na ilionekana.

Marleny alikuja na Azucena mkononi, nywele zake mwenyewe kichwani, zimeshonwa mistari kwa mistari kwenye kofia laini na kusukwa msuko mmoja mlegevu. Watu walimtazama, wakatazamana. Hakuna aliyemsalimia, na hakuna aliyempisha. Akasimama pale pale, karibu na meza ya mishumaa ya Doña Chus, kwa sababu hapakuwa na nafasi kwingine.

Milango ikafunguliwa. Wabebaji wakainama wapite chini ya tao, kisha wakainuka, na Mnazareti akatoka juani na msalaba begani.

Ndipo kila mtu akaona. Ndani ya kanisa, kwenye giza, wigi la zamani lilikuwa likifaa. Juani halikufaa. Miaka ya moshi wa mishumaa na mikono ya kulipangusa ilikuwa imelila utosini na mbele, na mti wa kichwa ulionekana waziwazi, mweupe, kati ya nyuzi chache zilizobaki. Wapiga ngoma wakapoteza mdundo. Don Arcadio, aliyebeba upande wa mbele, alikodoa macho kumtafuta Doña Odilia kwenye umati, na yeye akajibana ukutani.

"Nikasema basi, nimekwisha," anasimulia. "Nikaanza kuomba msamaha moyoni, kwa Bwana kwanza, kwa mama yangu pili."

Doña Chus alikuwa amesimama na mshumaa usiowashwa. Akamtazama Mnazareti kwa muda mrefu. Kisha akasema, kwa sauti yake ile ile inayofika mbali:

"Masikini Bwana. Naye zinamtoka."

Mtu akacheka, akaziba mdomo. Bibi mmoja akaanza kulia. Mwanamke aliyekuwa amefunga kitambaa hadi kwenye nyusi, ambaye Doña Odilia anamjua na hatamtaja, alipiga ishara ya msalaba, akashusha kitambaa mabegani, akabaki hivyo mchana kweupe, kichwa na mabaka yake yote. Azucena akamvuta mama yake mkono, akamwonyesha Mnazareti kwa kidole, na Marleny akamnyanyua aone vizuri. Doña Chus akawasha mshumaa, akamkabidhi Marleny, na hakumdai senti.

Maandamano yakaenda. Hakuna aliyenung'unika mbele ya chama, angalau hadi sasa.

Daktari Samayoa alipofika mwezi huu aliona malaika meupe, yaani vinyweleo laini, yameanza kuota kwenye kiduara kimoja cha Marleny. Akasema ni dalili njema, na akasema pia yanaweza kudondoka. Marleny amerudi sokoni siku tatu kwa wiki. Siku zilizobaki huja kujifunza kufunga mafundo, maana macho ya Doña Odilia hayana miaka mingi iliyobaki kwenye kazi hii, na plastiki inangoja mlangoni. Mwenyewe anataka amwachie binti huyo sindano kabla hajapofuka. Na kina mama wa mtaa anawaambia, mmoja mmoja, walegeze misuko ya watoto wao. Wengine wanamsikia, wengine wanamwambia amekufuru.

Vipi kama nywele za Marleny hazitarudi?

Doña Odilia anajikanda vidole.

"Zikirudi, atamlipa Bwana, na mimi nitamfungia wigi zuri kuliko yote," anasema. "Zisiporudi, mwakani Bwana atatoka hivyo hivyo. Na asiyependa afumbe macho."